Kidato Kimoja na Mdogo Wangu

Nilisoma kidato cha kwanza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na miaka kumi na minane, na darasani nilikuwa pamoja na mdogo wangu wa kiume, yule niliyembeba mgongoni akiwa mchanga.

Mara ya kwanza nilianza vizuri tu. Shule yetu ya kata ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, upande wa Iramba unaoshuka kuelekea Sekenke. Baba alikuwa ameshafariki, mama analima alizeti na uwele, na mwaka ule mvua zilikatika mapema. Kila Jumatatu mkuu wa shule alisoma mstarini majina ya wasiolipa ada, tukarudishwa nyumbani. Nilirudishwa mara tatu. Mara ya nne sikungoja kusomwa. Nilikwenda Sekenke kwa mama mdogo, aliyekuwa akipikia wachimbaji wadogo wa dhahabu, nikawa nasonga ugali, naosha masufuria na kupeleka sahani mpaka kwenye mashimo. Wasichana wawili wa darasa letu niliwakuta hukohuko, wanaponda mawe.

Miaka mitatu baadaye mdogo wangu alifaulu darasa la saba. Nilikuwa nimekuja nyumbani kwa sikukuu wakati mtendaji wa kijiji alipoitisha mkutano. Akatangaza kwamba kuanzia Januari hakuna ada, kidato cha kwanza hadi cha nne. Serikali ndiyo itakayolipa shuleni.

"Na wakibadili mawazo katikati ya mwaka?" mzee mmoja akauliza. Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alinishika mkono, akaubana, halafu akauachia.

Usiku tukiwa tunakula, mdogo wangu akauliza, "Na dada anarudi lini shule?"

"Dada yako ameshakuwa mtu mzima," mama akasema. "Akirudi yeye, sabuni na chumvi ya humu ndani itatoka wapi?"

Ilikuwa kweli; vyote vilitoka kwenye ujira wangu wa Sekenke. Mdogo wangu akasukuma bakuli la mlenda pembeni. "Basi na mimi siendi."

Tulidhani ni utoto. Siku ya kufungua shule aliamka, akaoga, akavaa shati la shule na suruali ya marehemu baba ambayo mama alimpunguzia, akaenda kukaa juu ya kinu kilicholazwa nje. Akagoma kunyanyuka. Mama alimbembeleza kwa Kinyiramba, akamfokea kwa Kiswahili, mwisho akachukua fimbo. Alipomfikia, akamtazama alivyokaa na sare yake kama bwana harusi aliyesusa, fimbo ikamtoka mkononi. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Haya, nendeni wote wawili! Mimi nitakula mlenda usio na chumvi."

Niliondoka na kitenge na kandambili. Ofisini mkuu wa shule alikuwa yuleyule.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umemsindikiza mdogo wako?"

"Hapana, mwalimu. Nimekuja kusoma."

Akavua miwani. "Wewe jina lako nilishalifuta."

"Naomba uliandike tena."

"Itabidi uanze upya, na hawa watoto. Hutaona aibu?"

"Aibu niliyoipata ni ile ya kusomwa Jumatatu, mwalimu."

Akainamisha kichwa. Kisha akavuta daftari la mahudhurio na kuniandika, jina langu likafuatana na la mdogo wangu.

Wenzetu waliniita Mama. Nilikasirika wiki moja, halafu nikazoea, nikawa nawasuka nywele na kuwaamulia ugomvi. Njiani mdogo wangu alinifundisha hesabu na mimi nikamfundisha baiolojia. Ada kufutwa hakukumaliza kila kitu. Viatu, madaftari na mahindi ya chakula cha mchana vilibaki juu yetu, kwa hiyo kila likizo nilirudi jikoni kwa mama mdogo. Huko niliwaeleza wale wasichana wawili kwamba ada imefutwa. Mmoja alikuja shuleni tulipofungua, vumbi la mawe bado liko kwenye nyusi. Mwingine alikuwa na mtoto mchanga, akasema tumsalimie mwalimu.

Mwaka wangu ule wa zamani, kufika Juni madawati ya nyuma yalikuwa matupu. Safari hii tulibanana mpaka kidato cha nne, na mkuu wa shule alilalamikia uhaba wa viti huku anatabasamu.

Matokeo yalipotoka tulipanda kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba, ambako mtandao ulikuwa unashika, na simu ya kuazima. Mdogo wangu alitafuta namba yake kwanza: amefaulu. Akatafuta yangu, akakodoa macho, akageukia shambani na kupiga kelele.

"Mama! Dada kanipita!"

Mama hakusikia vizuri nani kampita nani. Alitupa jembe na kuanza kupiga vigelegele hivyohivyo, majirani wakapokea kabla ya kuuliza kuna nini.

Mchana tulichinja jogoo. Tangu baba afariki, firigisi alikuwa anapewa mdogo wangu kwa kuwa ndiye mwanamume wa nyumba. Mama aliitoa kwenye sufuria, akaizungusha kidogo hewani, akaiweka kwenye sahani yangu. Mdogo wangu aliitazama, akanitazama.

"Nikatie nusu basi," akasema.

Nikamkatia robo.