Nyimbo za Mmarekani

Kila ninapopiga pasi shati jeupe, harufu ya kitambaa chenye joto hunirudisha Ukunda, pwani ya Kenya, kwenye chumba chetu cha kupanga. Baba, akiwa amevaa shati kama hilo, alikuwa akiimba hotelini Diani, nyimbo za Mmarekani mmoja mweusi aliyezitunga mwenyewe.

“Yule naye alianzia kwaya ya kanisani, kama mimi,” alipenda kutuambia. “Sasa dunia nzima inamsikiliza.”

Jioni moja alirudi mapema. Wageni walikuwa wameacha kuja, na hoteli ilikuwa imefungwa.

“Basi tuimbie sisi leo, baba watoto,” mama alimwambia.

Baba alisimama kando ya kitanda, akafumba macho, akafungua kinywa. Sauti haikutoka. Tulingoja. Mama akainamisha kichwa. Mimi, kwa kutojua la kufanya, nikaanza kupiga makofi.