Salfa Iliyosingiziwa

Kwetu Kilangala, mtu akilalamika macho katika miezi ya kupulizia mikorosho, haulizwi maswali. Ni salfa. Unga ule wa njano wa kuzuia ukungu hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa haujaamka na umande ungali majanini, na kufikia saa mbili asubuhi kijiji kizima kinafikicha macho. Kwa hiyo siku nilipoinama kuwasha mashine ya kupulizia na dunia ikazimika, sikuuliza. Giza lilikaa muda wa kuhesabu mpaka tano, likaondoka. Nikaitukana salfa, nikabeba mashine mgongoni, nikaendelea na kazi.

Mimi ni mbishi, hilo nalikiri mapema. Mama yangu, ambaye naishi na kulima naye, alisema nipumzike. Nikamjibu kwamba mikorosho haipumziki. Wifi yangu alikuwa ananyonyesha, akawa ananikamulia maziwa machoni kila jioni kama dawa, huku akinicheka kwamba amepata mtoto wa pili, huyu mwenye mdomo mchafu. Giza halikujali maziwa.

Likawa linakuja kila nikiinama. Kichwa kikaanza kunigonga asubuhi kabla sijatoka kitandani, na sikioni nikasikia mvumo, shuu, shuu, uliokwenda sambamba na moyo wangu. Kwenye sala ndiko nilikoogopa zaidi. Nikiinuka kutoka sijda sikuuona msala wala mkono wangu, na moyo ulinienda mbio hadi nikasahau niko rakaa ya ngapi. Nikaanza kusali nimekaa, nikamwambia mama magoti yananiuma. Nilimdanganya mama yangu nikiwa juu ya msala. Niliogopa kwamba nikilitamka jambo lile, litakuwa kweli.

Miezi miwili tulikwenda hivyo. Kisha asubuhi moja mama alikuwa anarudi kisimani na ndoo kichwani, na nikawaona mama wawili, bega kwa bega, kila mmoja na ndoo yake. Nilicheka. Halafu nikafumba jicho moja, akabaki mmoja. Nikakaa chini palepale vumbini, nikamweleza kila kitu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema, akatua ndoo. Hakunigombeza zaidi ya hapo, na hilo likanitisha kuliko kugombezwa.

Kesho yake tulikuwa hospitalini Lindi. Daktari wa macho, kijana, alimpa mama shikamoo kwanza, ndipo akanigeukia. Nikamsimulia habari za salfa.

"Dada, mtu wa salfa macho huwa mekundu," alisema. "Yako meupe."

Kijiji kizima hakikuliona hilo. Akanimulika ndani ya jicho kwa taa yake ndogo, muda mrefu, pumzi yake karibu na shavu langu. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, nikakosea katikati.

Akaeleza kwamba kichwa kina maji yake, na msukumo wa maji yangu ulikuwa umezidi. Mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo ulikuwa umevimba kwa kubanwa, macho yote mawili. Nikapelekwa kupigwa picha ya kichwa. Hakikuonekana kivimbe, alhamdulillahi. Huenda kilicholeta msukumo ni unene wangu ulioongezeka haraka, unene uleule niliosifiwa kwenye kila harusi kwamba nimenawiri. Kilichobaki ni sindano ya uti wa mgongo, wapime msukumo na kupunguza maji.

"Sindano ya mgongo?" Mama akasimama. "Haingii! Jirani yetu alichomwa hiyo, akarudi amefunikwa shuka."

"Mama, jirani alipelekwa hajitambui," nikasema.

"Na kabla ya sindano alikuwa anapumua!"

Daktari hakubishana naye. Aliniambia mimi: "Kila siku msukumo ukikaa, mshipa unakufa kidogo. Ukishakufa haufufuki."

Mama akaanza kulia. Mimi niliiogopa ile sindano kuliko alivyoiogopa yeye, maana nilikuwepo jirani aliporudishwa. Lakini nilijaribu kufikiria kuisikia sauti ya mama kila siku bila kumwona uso, nikashindwa. Nikasema nichomwe.

Nililazwa ubavu, magoti kifuani, mama ameniinamia kichwani akinisomea dua. Nilitetemeka hadi kitanda kikalia. Maji yakapanda mpaka juu kwenye mrija mwembamba wa kupimia, na muuguzi aliyeushika akaguna. Guno lile nalikumbuka kuliko sindano yenyewe. Ila jioni yake kichwa kilikuwa chepesi, na vidole vya miguu vilicheza vyote kumi. Mama alivihesabu.

Nikarudi nyumbani na vidonge na amri ya kupunguza mwili. Mvumo ukakoma. Mama akarudi kuwa mmoja. Nikaanza kujisifu nyumba kwa nyumba kwamba nimepona, na aliyetaka kunipa pole nilimwambia pole ampe daktari aliyevumilia ubishi wangu.

Baada ya wiki kadhaa tukaenda tena Lindi nikaangaliwe. Herufi za ukutani nilizisoma mpaka mstari wa chini kabisa, kwa mbwembwe. Daktari hakutabasamu. Alikaa mbele yangu, akaniambia niitazame pua yake tu, nisiyumbishe macho, na niseme nitakapoona kidole chake kikija kutoka pembeni.

Nikaitazama pua. Nikasubiri. Niliiona pua na paji la uso wake, vizuri kabisa, na subira sijajaliwa.

"Anza, daktari," nikasema. "Safari ya kurudi ni ndefu."

"Nilishaanza, dada," alijibu taratibu. "Nachezesha kidole tangu tulipokaa."

Ubavuni mwangu nikamsikia mama akilia. Sikujua kwamba alikuwa amekaa upande ule.