Wazungu walimrudisha shujaa wa msituni, mama yangu alikwenda kumtafuta mume wake

Wakuu, wakubwa wangu shikamooni, wengine habari za mchana. Nimesoma uzi wa jana wa movie mbovu mlizowahi kulipia nikaona na mimi nilete yangu. Chumvi sijaweka hata punje.

Mimi ni ke, mzaliwa wa Ukerewe, sasa naishi Kiseke, Mwanza.

Miaka ya tisini, ile ya ruksa, wazungu walikuja kisiwani kwetu na maboti, majenereta na mahema. Walisema wanamrudisha yule shujaa wa msituni wa zamani, yule ambaye wazee wetu walimwona kwenye gari la sinema, kitambaa cheupe kimetundikwa kiwanja cha shule.

Wakaajiri watu wa kijijini kama wanakijiji wa kwenye sinema. Baba yangu, Mzee Mafuru, akachaguliwa.

Alirudi nyumbani anacheka. Alitwambia, "Leo nimemfokea mzungu na hakuna aliyenikamata." Aliambiwa asimame juu ya jiwe apaze sauti, aseme lolote kwa Kikerewe, kana kwamba anamkataza shujaa kupita. Tulimuuliza alisema nini. Akajibu tungoje sinema.

Hakuingoja yeye. Kifua kilimsumbua msimu mmoja tu, tukamzika.

Na hapa mnielewe vizuri: hatukuwa na picha yake hata moja. Mama hakulia msibani. Watu walisema ana moyo mgumu. Mimi nilijua anaumia, maana alikuwa ananiuliza, "Nyangeta, hivi ile sinema ya baba yako itakuja lini?"

Wakati huo nilikuwa nauza duka la vitenge mjini Mwanza. Siku moja napita Kirumba, nikaona ubao wa kibanda cha video umeandikwa kwa chaki: SHUJAA WA MSITUNI AMERUDI, IMEPIGWA UKEREWE. Nikatuma ujumbe kwa mama, Nansio kisiwani. Mama akaja na meli, amevaa kitenge chake cha kanisani.

Sasa movie yenyewe. Jamani! Hela yote ile, halafu simba wa bandia, mamba kama mpira wa baiskeli uliopasuka. Eti Ukerewe kuna sokwe! Shujaa hana hata jasho, nywele zimechanwa, kazi kurusha maneno kwa yule dada wa kizungu. Vijana walianza kupiga miluzi.

Mama hakujali. Alikuwa ameinama mbele kwenye benchi, anaangalia kila mtu mweusi anayepita.

Mara akatokea. Juu ya jiwe, shati limefungwa kiunoni, mkono umeinuliwa. Baba yangu mzima kabisa. Mama akanishika paja.

Wakongwe mnakumbuka vibanda vile: kulikuwa na mkalimani na kipaza sauti, anatafsiri kila kitu hata asichokielewa. Wetu alijiita Profesa. Baba alipofungua mdomo tu, Profesa akamrukia: "Mzee anasema wewe mzungu usipite, huku tunakula watu, na mimi toka asubuhi sijanywa hata uji!"

Kibanda kizima kikacheka. Baba akatoweka. Iliniuma sana, wakuu.

Mama akasimama. Hakupiga kelele. "Baba," akamwambia Profesa, kijana wa umri wangu, "yule ni mume wangu. Tulishamzika. Naomba urudishe, halafu unyamaze, aseme mwenyewe."

Mmoja nyuma akalalamika kwamba amelipia. Wenzake wakamnyamazisha. Profesa akaweka kipaza sauti chini, akasema, "Samahani mama," akarudisha mkanda.

Baba akainua mkono. Kwa Kikerewe safi, na sauti ileile ya kutuita kutoka ziwani, akasema:

"Mama Nyangeta! Anua udaga huko kwenye mawe, mvua inakuja!"

Basi. Hayo ndiyo maneno ya kumtisha shujaa wa dunia. Mtu kaambiwa aseme lolote, kaona wingu, kamkumbuka mkewe na mihogo yake ya udaga aliyoianika.

Mama akajibu pale pale, kwa Kikerewe, taratibu, "Nimeanua, baba Nyangeta. Wote umekauka."

Ndipo akalia. Kilio cha msibani, kile alichokuwa amekizuia. Profesa akazima video, na hakuna aliyedai hela yake.

Nilitaka tuombe kuiona tena. Mama akakataa. Akasema, "Ameshaniambia, nimeshamjibu."

Niliyojifunza: wapigeni picha wazazi wenu, sawa, lakini warekodini pia wakiagiza chumvi, wakifukuza kuku, wakiwagombeza. Simu mnazo, sisi hatukuwa nazo.

Karibuni mchangie, matusi pembeni. Na wewe ambaye mzazi wako yuko hai, kabla hujaandika chochote hapa, mpigie kwanza.