Bei ya Mguu wa Bonifasi

UJIJI, Jumatano, Novemba 12, 1997, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Mvua iliyoanza kabla ya alfajiri imekatika, lakini wingu bado limelala juu ya bonde la Luiche na upepo wa ziwani ni wa baridi. Feliksi Ruhomvya amesimama kando ya trekta lake. Injini imezimwa, naye hana haraka ya kuiwasha.

Mbele yake kuna shamba la robo tatu ya ekari, mali ya Mwanakombo binti Sefu, mjane wa miaka sitini anayeuza mawese katika soko la Mwanga. Kwenye pembe nne za shamba wamesimama majirani wanne, kila mmoja akikanyaga mpaka wake. Hakuna aliyekuja kwa kupenda.

“Fundi, unalima au unafungisha ndoa?” anauliza Mwanakombo. “Mashahidi wanne! Mimi mwenyewe niliozwa kwa wawili.”

Majirani wanacheka. Feliksi hacheki.

“Kuna kaburi humu, mama?”

“Hamna.”

“Kisima kilichofukiwa?”

“Hamna.”

“Mchikichi wa mtu mwingine?”

“Ule wa pembeni ni wa shemeji yangu. Ardhi yangu, mti wake. Lakini mwenyewe hayupo, usimjali.”

“Basi sitaukaribia. Hatua tano kuuzunguka utalima kwa jembe la mkono.”

“Na bei utanipunguzia?”

“Bei ni ya saa, mama. Shilingi elfu sita. Na wewe ukinisimamisha kuzungumza, saa inatembea.”

“Kumbe hata maneno unauza!”

Ndipo Feliksi anapanda, anageuza ufunguo, na sahani tatu za plau zinaingia ardhini. Ni kazi ya mwisho ambayo plau hilo litaifanya mikononi mwake. Kesho asubuhi linachukuliwa na mnunuzi.

Feliksi ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka kumi na minane alikuwa dereva wa chama kimoja cha ushirika mkoani Kigoma. Chama kilipofilisika mwaka 1992, wafanyakazi hawakulipwa kiinua mgongo chao kwa fedha. Yeye alipewa trekta alilokuwa akiliendesha, pamoja na plau, tela na mnyororo.

“Wenzangu walipewa viti na meza,” anasema. “Nilijiona mtu mwenye bahati.”

Alijiwekea kanuni tatu, na kwa miaka minne hakuzivunja. Bei hutajwa kabla injini haijawaka. Majirani wote wa mpaka husimama kwenye mpaka, ili kesho asitokee wa kusema amelimiwa urithi wake. Na kazi hutozwa kwa saa. Kila saa trekta hunywa lita sita za dizeli, lita moja shilingi 380. Kinachobaki ni cha grisi, vipuri na watoto wake watatu walioko shuleni.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyovunjika, na aliyeivunja ni yeye.

Vita vya Burundi, na baadaye vya Zaire, vilileta Kigoma maelfu ya watu wasio na chochote ila mikono. Wengi walipelekwa makambini. Wengine walibaki mitaani bila kibali, wakilala katika mabanda ya uani na kufanya kazi yoyote waliyoipata. Kufikia mwishoni mwa mwaka 1996, robo ekari ilikuwa ikilimwa kwa jembe la mkono kwa shilingi elfu moja na sahani ya ugali.

“Mteja ananiuliza, wewe na moshi wako unataka elfu tatu, na huyu hapa anataka elfu moja na hana moshi. Ningemjibu nini?” anasema Feliksi. “Sikuwachukia. Mtu mwenye njaa hapangi bei, hupangiwa.”

Alikaa wiki tano bila kazi. Kisha akaanza kukubali kazi zisizowezekana kwa jembe la mkono, hasa kung’oa visiki. Na kwa kuwa hakuna mteja aliyetaka tena kusikia habari ya saa, akaanza kutoza bei ya kazi nzima.

Jumanne, Februari 18 mwaka huu, aliitwa Gungu. Abdulmajid Hemedi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanga, alitaka kiwanja chake kisafishwe ajenge nyumba ya kupangisha watumishi wa mashirika ya misaada, ambao kodi yao ya mwezi inazidi mshahara wa mwaka wa mwalimu. Palikuwa na visiki vitano vya michikichi. Walipatana shilingi elfu kumi na mbili kwa vyote. Watu wa kuchimba na kukata mizizi aliwaleta Abdulmajid mwenyewe. Walikuwa wawili, na mmoja wao ni Bonifasi, Mrundi wa miaka thelathini na minne, aliyekuwa akivuta mitumbwi ufukweni Kibirizi kwa shilingi mia nne kwa siku.

Hapa lazima msomaji aelewe jambo moja. Mtumbwi mzito wa dagaa unapovutwa nchi kavu Kibirizi, mtu mmoja huikanyaga kamba karibu na gogo la kufungia, ili isiruke wala kuchezacheza. Ndiyo kazi ya mwenye uzoefu, naye huiona kuwa heshima. Feliksi alikulia katika mambo hayo; baba yake alikuwa mvuvi.

Visiki vitatu vilitoka bila tatizo. Cha nne kiligoma. Ilikuwa saa tano, na mvua ilikuwa ikionekana inakuja kutoka upande wa ziwa. Feliksi alirudi nyuma, akakaza mnyororo, akageuza shingo kutazama. Akamwona Bonifasi ameukanyaga mnyororo kwa mguu wa kulia, hatua mbili kutoka kwenye kisiki, kama anavyofanya Kibirizi.

“Nilimwona,” anasema Feliksi. Anarudia, bila kuulizwa. “Nilimwona. Nikajua anafanya nini na kwa nini. Nikajua pia kwamba mnyororo si kamba. Kumshusha ningelazimika kuzima, nishuke, nimweleze, nirudi. Dakika kumi. Mvua ikinyesha, siku imekwisha, na elfu kumi na mbili haziongezeki. Laiti ingekuwa kwa saa, ningeshuka.”

Alikanyaga mafuta. Pingili moja ya mnyororo ikakatika. Kipande kilichofyatuka kilimpiga Bonifasi chini ya goti, na siku ya tatu madaktari waliukata mguu.

Ajali haikuripotiwa polisi. Bonifasi mwenyewe, akiwa amelala chini, aliwasihi wasiripoti, kwa sababu hakuwa na kibali cha kukaa nje ya kambi. Ombi hilo liliwafaa wote waliokuwapo, nao wakalikubali upesi mno. Mtu asiyeruhusiwa kuwapo mahali hawezi kushtaki kwa kuumia mahali hapo. Na wako raia wema wa mji huu ambao, kwa miaka hii yote, wamejenga, wamelima na wamechimba kwa kutegemea jambo hilo. Gazeti hili halioni sababu ya kulificha.

Suala lilipelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Pazi Kitwana. Mzee Pazi alimtaka kila mmoja aseme, kisha akauliza swali moja: Bonifasi alikuwa akipata kiasi gani kwa siku? Mia nne. Akaamua alipwe siku mia tano, yaani shilingi laki mbili, mbali na gharama za hospitali.

“Sikuwa na kipimo kingine,” Mzee Pazi aliliambia gazeti hili. “Ng’ombe nawajua bei. Mguu wa mtu sikuwahi kuulizwa.”

Alipendekeza Abdulmajid alipe nusu, kwa kuwa kiwanja ni chake na wachimbaji aliwaleta yeye. Jibu la Abdulmajid linakumbukwa na wote waliokuwa barazani.

“Mzee wangu, mimi nilikodi trekta. Ajali sikuikodi. Tena visiki viwili vimebaki ardhini, na yeye elfu kumi na mbili yangu yote anayo. Nani anamdai mwenzake hapa?”

Hapakuwa na karatasi. Mzee Pazi hakuwa na nguvu ya kumlazimisha. Feliksi alisimama akasema deni lote ni lake.

Aliuza tela kwa shilingi laki moja na elfu kumi. Sitini zilikwenda hospitali, hamsini zikaenda kwa Bonifasi. Hadi Agosti alikuwa ameongeza elfu ishirini tu, maana habari zilikuwa zimeenea, na wateja waliliita trekta lake “la kukata miguu”. Zilibaki laki moja na elfu thelathini.

Septemba, serikali ilianza kuwaondoa wakimbizi wote waliokuwa wakiishi nje ya kambi. Bonifasi, mkewe na watoto wake wawili walipakiwa katika lori na kupelekwa kambi moja wilayani Kasulu. Mitaa ya Gungu na Mwanga ikawa na mabanda matupu.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo Feliksi hakulitarajia. Mvua za vuli zilipokaribia, majembe ya bei rahisi hayakuwapo tena. Katika mwezi wa Oktoba pekee watu kumi na saba walifika nyumbani kwake kuomba kulimiwa. Walikubali bei ya saa, na baadhi walitanguliza fedha. Lakini pampu ya dizeli ilikuwa imechoka. Ilihitaji matengenezo ya shilingi elfu sitini, na kila senti aliyoipata iliingia humo.

Mwanzoni mwa mwezi huu Bonifasi alimtumia Feliksi barua kupitia dereva wa lori. Ilikuwa na mistari mitatu: familia yake itahamishiwa kambi nyingine, Kibondo, mwishoni mwa Novemba, hajui itaitwaje wala atafuatwaje, anaomba akumbukwe kabla ya hapo.

Veneranda, mkewe Feliksi, hakubaliani na mumewe, wala hafichi.

“Mume wangu anataka kwenda mbinguni kwa trekta,” anasema akipepeta mchele. “Nilimwambia, baba, lima msimu huu mmoja, watu hawa hapa mlangoni, umlipe mwezi wa tatu. Ananiambia mwezi wa tatu hatamwona. Nikamwambia, kama hutamwona, basi Mungu ameamua. Alinitazama kama nimemtukana mama yake.”

“Ulimtukana?” aliulizwa.

“Nilimtajia ada za watoto. Siku hizi humu ndani hilo ndilo tusi.”

Feliksi alitembeza plau siku nne. Kigoma nzima, mwenye fedha taslimu na mwenye trekta la kulifunga alikuwa mtu mmoja. Abdulmajid, ambaye nyumba yake ya Gungu ina wapangaji tangu Julai, alinunua trekta lake mwenyewe mwezi uliopita. Feliksi alitaja laki mbili.

“Laki na thelathini,” Abdulmajid alimjibu. “Nasikia ndiyo unayoihitaji. Zaidi ya hapo utaifanyia nini?”

Feliksi alikubali. Anasema hakukubali kwa unyonge, bali kwa sababu Jumamosi ilikuwa karibu, na lori la kwenda Kasulu huondoka siku hiyo tu, mara moja kwa wiki.

Pale Ujiji, kazi ya Mwanakombo ilimalizika kwa saa moja na nusu. Feliksi alilipwa elfu tisa, akaacha kisiwa cha majani kuuzunguka mchikichi wa shemeji, akaondoka bila kusubiri uji aliokaribishwa. Kesho yake alfajiri, vijana wawili wa Abdulmajid walikuja wakalifungua plau na kulipakia.

Trekta limebaki uani. Bila plau wala tela, haliwezi kulima wala kubeba. Wale wateja kumi na saba, isipokuwa wachache aliowahi kuwalimia, wamekwenda kwa Abdulmajid. Feliksi amekodi nusu ekari ya mpunga huko Luiche, ailime kwa jembe la mkono. Mpango wake, kama mpunga utakubali, ni kununua plau kuukuu baada ya misimu mitatu. Alipoulizwa kama anaamini hilo litatimia, alisema: “Hapana. Lakini mtu hawezi kukaa bila kupanga.”

Jumamosi, Novemba 15, saa nane mchana, walikutana na Bonifasi kwenye lango la kambi, mbele ya kiongozi wa mtaa wake wa kambini. Bonifasi alikuja kwa magongo mawili ya mti. Walisalimiana kwa amani, kila mmoja kwa lugha ya kwao, na lugha hizo hazitofautiani sana. Feliksi alitoa bahasha. Bonifasi aliketi juu ya jiwe, akahesabu mara mbili, akampa kiongozi naye ahesabu.

“Zimetimia,” alisema.

Feliksi alianza kusema jambo kuhusu siku ile ya Gungu. Bonifasi aliinua mkono.

“Mzee Feliksi, umelipa. Hakuna mwingine aliyelipa, na nitawaambia watoto hivyo. Lakini usije tena, wala usiniandikie. Nikikuona nasikia mnyororo.”

Aliweka kidole gumba kwenye karatasi: shilingi laki mbili, zimepokewa zote. Feliksi alitia sahihi chini yake, akaikunja nakala yake, akarudi kwenye lori.