Kizimba cha Kompyuta ya Hippolyte

Kila alipobonyeza kitufe, mambo yalianza vizuri. Feni ilivuma, taa ya kijani ikawaka, na skrini ikaonyesha ile picha ya Windows yenye kimstari kinachokimbia chini yake. Blandine alishika rozari yake na kutega sikio, kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa. Kisha skrini ikafa. Ikakaa giza kidogo, na kasha la kompyuta likaanza tena toka mwanzo, lenyewe, bila kuguswa na mtu. Likafika palepale, likafa tena.

"Kuna mtu ametia mkono humu," alisema. Chumbani hakukuwa na wa kumsikia ila mumewe, Hippolyte, aliyekuwa ukutani ndani ya fremu, amevaa joho la kwaya.

Hippolyte, Mungu ampe raha ya milele, alikuwa na maneno yake kwa tabia hii ya kushuku. "Mke wangu akifika mbinguni," alikuwa akiwaambia wanakwaya, "atamwomba Petro kitambulisho kabla hajaingia." Watu walicheka, na Blandine alicheka nao, lakini hakubadilika. Walipokimbia Uvira na kufika mpakani, bwana mmoja mwenye Neno la Mungu mdomoni alijitolea kuwabebea cherehani. Yule bwana na cherehani hawakuonekana tena. Tangu siku ile Blandine alimtazama kila mtu mikononi kwanza, usoni baadaye.

Kansanga, jijini Kampala, walipata chumba chenye baraza karibu na barabara ya Ggaba. Blandine alinunua cherehani nyingine, akashona magauni ya vitenge. Alisifika kwa kitu kimoja: gauni lake lilikaa mwilini kama ngozi. Hakumwachia mteja hata nafasi ya kidole. Nguo inayopwaya, alisema, ni aibu ya fundi. Hippolyte aliketi upande wa pili wa baraza na kompyuta kuukuu, akiwachapia watu barua zao za kuombea kazi na kadi zao za harusi. Jioni aliwafunga wateja mlango, akachomeka maikrofoni, akarekodi nyimbo alizotunga kwa ajili ya kwaya ya parokia.

Wimbo wa mwisho hakumfundisha mtu. Aliurekodi mwenyewe, sauti moja juu ya nyingine, akasema atautoa ukiiva. Kabla haujaiva, homa ilimchukua.

Ndiyo maana kompyuta ile ilikuwa kitu kizito. Misa ya kumaliza matanga ilikuwa Jumapili, na padri alikwisha kuomba wimbo huo uimbwe. Ulikuwa ndani ya kasha, mahali pengine popote haukuwapo. Na sauti ya Hippolyte, ile ya kifuani aliyoitumia akiimba besi, nayo haikuwapo mahali pengine.

Blandine alimshuku Tresor. Tresor alikuwa mdogo wake Hippolyte, naye ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya sasa. Wakati wa matanga, kama ilivyo desturi, vitu vyote vilitolewa chumbani ili waombolezaji wapate pa kutandika mikeka. Tresor ndiye aliyebeba kompyuta kwenda kuihifadhi kwake. Iliporudi, Blandine aliigeuza pande zote na kuona skrubu mbili za ubavuni hazipo. Siku iliyofuata alikwenda Kawempe kwa mchomeaji vyuma na kuagiza kizimba cha nondo, chenye mlango na kufuli, cha kuifungia kompyuta isitoke tena wala kufunguliwa.

"Niletee mashine nipime," alisema mchomeaji.

"Ya nini uione? Vipimo ninavyo." Alikuwa ameipima kwa futi yake ya kushonea, kimo, kifua na mgongo. Kizimba kilipokuja, kasha liliingia kwa kusukumwa na goti. Ufunguo aliufunga kwenye rozari, akaivaa shingoni.

Na hapo ndipo kompyuta ilipoanza ugonjwa wake wa kufa na kufufuka.

Tresor alikuja kuulizia wimbo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, kwaya inahitaji kujifunza. Jumapili si mbali."

"Kompyuta haiwaki."

"Kwangu ilikuwa nzima."

"Ulijuaje kama ilikuwa nzima? Uliiwasha?"

Tresor aliigeuza kofia. "Niliiwasha kidogo. Nilitaka kumsikia."

"Ulimsikia?"

"Sikuweza. Niliizima kabla sijafungua kitu."

Blandine alimtazama mikono. Mtu anayesema niliizima kabla sijafungua, aliwaza, ni mtu aliyefungua. Nyimbo ziliuzwa mjini hapa kama karanga. Mtu aliweza kuchukua wimbo wa maiti, akautia jina lake, akaufanya chakula chake. Na ili mwenye wimbo asijue, akaharibu mashine.

Jirani yake Goretti, mke wa polisi, alikuwa na maelezo mengine. "Blandine, usichokoze. Marehemu mwenyewe hataki. Kila mkitaka kumsikia, anafunga mlango."

"Marehemu alibatizwa," Blandine alijibu. "Hakai kwenye waya."

Lakini jioni ile alinyunyiza maji ya baraka juu ya kizimba, kidogo tu, mbali na soketi.

Kesho yake akaitoa kompyuta kizimbani, akaifunga kwenye kitenge, akapanda nayo bodaboda hadi Nakivubo, ambako fundi aitwaye Kidega alikuwa na meza chini ya ngazi za jengo la maduka. Kidega alizaliwa katika kambi ya jeshi, Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, na mdomo wake haukupumzika.

"Mama, kaa hapa, uone kila kitu. Mimi si daktari wa kufungia mgonjwa ndani."

"Nitasimama."

Alichomeka, akabonyeza. Feni ikavuma, kimstari kikakimbia, kikakimbia, na Windows ikafunguka. Picha ya Bikira Maria ambayo Hippolyte aliiweka ikajaa skrini.

"Hii mashine iko mzima," alisema Kidega. "Wewe ndiye mgonjwa?"

"Nyumbani inakufa."

Alifungua ubavu, akamulika ndani. Vumbi lilikuwa limetanda kama blanketi. Alichomoa kadi za memori, akazisugua kwa kifutio, akazirudisha, akapuliza feni.

"Skrubu zimeibwa," alisema Blandine. "Kuna mtu aliifungua."

"Hii? Mama, ona vumbi hili. Hakuna kidole kimepita hapa mwaka mzima. Skrubu ni kitu ya kuanguka tu." Kisha akauliza, kwa wema, "Una kitu cha maana ndani? Nikuwekee kwenye flashi, isije ikapotea."

"Uweke nini? Ili kesho nikisikie kwenye spika za Nakivubo? Zima."

Kidega alizima. Nyumbani, Blandine aliirudisha kizimbani, akaisukuma kwa goti, akafunga kufuli, akabonyeza. Kimstari kikakimbia. Skrini ikafa.

Alirudi Nakivubo na uso wa kesi. Mezani kwa Kidega kompyuta iliwaka tena bila hata kukohoa.

"Unajua ulichofanya," alisema Blandine. "Umeitega, ili nije kila siku."

"Ningekuwa na ujanja huo, ningekaa chini ya ngazi?" Kidega alijikuna kidevu. "Nyumbani unachomeka wapi? Soketi ni nzima? Unaiweka wapi, chini, juu ya meza?"

Kumweleza mgeni jinsi ulivyofungia mali yako ni kumchorea mwizi ramani. "Juu ya meza," alisema.

"Basi njia ni mbili. Napiga Windows mpya, lakini hiyo inafuta kila kitu. Ama nakuja nyumbani niione inavyokufa."

Blandine alijiona Jumapili kanisani, kwaya imesimama, haina cha kuimba, na yeye amemzika mumewe mara ya pili kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kumleta Kidega nyumbani kulikuwa na tatizo jingine. Mjane aliye kwenye matanga hapokei mwanaume mgeni peke yake. Lazima aketi ndugu wa mume. Na ndugu wa mume Kampala nzima alikuwa mmoja.

Alisali njiani akitafuta jina jingine. Hakulipata.

Hivyo Jumamosi asubuhi wote wawili walikuwa chumbani mwake, Tresor kwenye kiti cha mlangoni, Kidega mbele ya meza na mkoba wake. Blandine alisimama mahali ambapo aliona mikono yote minne. Aliwatazama wanavyosalimiana. Walisalimiana kama watu wasiojuana; hata hilo alilishuku.

Kidega alikichungulia kizimba pande zote.

"Mama, huyu alihukumiwa na nani?"

"Fanya kazi yako."

Alipitisha kidole kati ya nondo, akabonyeza. Mashine ikaanza, kizimba kikatetemeka pamoja na feni, meza ikaimba kidogo. Skrini ikafa. Ikaanza tena. Kidega hakutazama skrini. Aliinama akatazama mlango wa kizimba.

"Nipe ufunguo."

Blandine alishika rozari. Tresor aliangalia sakafu. Mashine iliendelea kufa na kuanza. Mwishowe Blandine alivua rozari shingoni, lakini hakuitoa. Alifungua kufuli mwenyewe.

Mlango ulipoachia, mashine ilikuwa katikati ya kimstari. Kimstari kikaendelea. Bikira Maria akatokea.

"Sasa funga," alisema Kidega.

Blandine alisukuma mlango. Bikira Maria akapotea.

"Fungua."

Safari hii aliona. Nyuma ya mlango, bapa la chuma linaloshika kufuli lilikuwa limekaa sawasawa juu ya kitufe kidogo kilicho chini ya kile kikubwa, kitufe cha kuianzisha mashine upya inapokwama. Bapa halikukibonyeza sana, liliegemea tu. Feni ilipokolea, kila kitu kikatetemeka, na chuma kikabonyeza. Juu ya kitufe palikuwa na alama nyeusi ya rangi ya nondo.

"Nani alipima hiki kitu?" aliuliza Kidega. "Kimebana kama gauni la bibi harusi."

Blandine aliweka kidole juu ya ile alama. Alikumbuka futi yake, kimo, kifua na mgongo, na alivyojisifu moyoni kwamba hata kidole hakipiti.

Kidega alitaka kutoka nje wasikilize peke yao. "Kaa," alisema Blandine. "Ulikuwa unashukiwa, kaa usikie."

Alibonyeza faili la wimbo mwenyewe. Soprano ilianza, Hippolyte akiibana sauti hadi ichekeshe, ikaja alto, ikaja besi, ile ya kifuani, ikajaa chumba kizima. Kwenye ubeti wa pili sauti zote tatu zilipungua na kuacha nafasi. Mtu alikohoa mbali na maikrofoni. "Sauti ya teno hapa aimbe Tresor," ilisema sauti ya Hippolyte, ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chai. "Mimi siiwezi."

Nafasi ile ilikuwa tupu mpaka mwisho wa ubeti. Tresor alikuwa ameziba uso kwa kofia.

"Rudisha nyuma, shemeji," alisema kwa ndani ya kofia. Blandine alirudisha. Ilipofika nafasi, Tresor aliimba. Alipotea mahali pawili, akapatafuta, akapapata.

Blandine alikaa juu ya kitanda. Hakuomba radhi, hakuwa na mdomo wa hilo bado, na Tresor hakuingojea. Blandine aliomba flashi kwa Kidega, akasimamia nyuma ya bega lake wimbo ukinakiliwa, akaichomoa mwenyewe, akamtia shemeji yake mkononi, akaufumba ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Usimpe mtu."

"Kesho kwaya nzima itauimba mbele ya parokia nzima, shemeji. Nisimpe nani?"

Alifikiri. "Basi wape. Lakini waambie ni wa nani."

Tresor alikimbilia mazoezini. Blandine alimsindikiza Kidega hadi barabarani, akamshukuru, akamwombea baraka, na Kidega alipofungua mkoba wake ili atafute chenji ya bodaboda, Blandine akauchungulia kidogo. Kisha akarudi ndani. Kizimba alikiacha mlango wazi. Rozari aliivaa tena, na ufunguo wake.