Siku Niliyosema Goti Linauma

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa goti kabla sijaikumbuka kwa kichwa. Nilikuwa kijana mwenye miguu isiyotulia. Shule niliiacha Karagwe, Tanzania, nikiwa darasa la tano, familia yetu ikarudi Rwanda, na toka hapo dunia nikaisoma kwa nyayo: leo Busasamana kuutazama mlima ukitoa moshi, kesho Goma kusikiliza watu wakibishana bei. Nauli yangu ilikuwa mgongo. Nilibeba mizigo Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha kuingia Goma, na kwa gunia la karoti hakuna aliyenipita.

Asubuhi moja gari likarudi nyuma bila honi, likanibana ukutani. Goti la kulia likavunjika. Mwenye gari hakuwa mtu mbaya. Alinipeleka hospitali mwenyewe, na bima yake ikalipa matibabu.

Miezi ikapita nikitembelea gongo. Ndipo akaja karani wa bima, kijana mpole mwenye viatu safi, akaniuliza mbele ya wabeba mizigo wenzangu kama bado nasikia maumivu. Kwetu husemwa machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Nikacheka, nikalipiga goti kofi. "Hili? Kesho nabeba magunia mawili!" Wakashangilia. Karani akaandika kwamba sina maumivu, akasema Ijumaa atarudi nitie sahihi, na nikishatia, madai yangu ya fidia yamekwisha.

Kofi lile, mwanangu! Nilikwenda nyuma ya vibanda nikauma shati.

Huko alinikuta Mama Furaha, muuza karoti wa Cyanzarwe. Gunia lake ndilo nililokuwa nimebeba siku ya ajali. Alikulia Masisi, Kongo, Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa, na ulimi wake haukuwa na mlango.

"We mujinga. Ule mutu alikuuliza. We ulikuwa unamujibu nani?"

"Mama, mimi ni mwanaume."

"Bon, mi sikuulize kama we uko mwanaume. Nakuuliza: inauma?"

Nikalifunika goti kwa kiganja.

"Usiku unalala?"

"Kidogo."

"Kanisani unapiga magoti?"

"Sipigi."

"Na Busasamana, ulifika lini?"

Tangu ajali sikuwa nimepanda kilima hata kimoja.

"Donc ile yote umeitupa, juu ya makofi ya hawa wajinga wenzako. Muficha maradhi kifo inamuumbua, na we unaficha mbele ya mutu mwenye kalamu!"

Ijumaa sikutia sahihi. Nilirudi kwa daktari nikamweleza usingizi, ngazi, mvua inapokaribia, akapima, akaandika. Bima ikabisha, ikasema nilikwisha kukiri kuwa nimepona, na shauri likafika mahakamani. Wabeba mizigo walijaa benchi la nyuma.

Hakimu aliniuliza swali lile lile la karani. Nikasimama kwa gongo. "Linauma," nikasema. "Siku ile nilidanganya, kwa sababu hawa walikuwa wananitazama. Nilikuwa napanda hadi Busasamana kwa hamu tu ya kuona. Siku hizi nauliza wanaotoka huko."

Hakuna aliyecheka. Yule aliyeshangilia kuliko wote alivua kofia.

Hakimu aliamuru nilipwe fidia ya maumivu yenyewe, mbali na matibabu, na ya kile yalichoninyima. Goti halikurudi. Lakini iliandikwa, ikapigwa muhuri, kwamba niliyoyapitia yalikuwa kitu. Nimebeba magunia yasiyohesabika kwenye mpaka ule, mwanangu, ila hadi leo ninachojivunia ni neno lile moja, "linauma," nililolisema nimesimama wima.

Basi nawe ukiumizwa na mwenzako, mweleze daktari yote, mapema. Usiongeze hata chembe, maana uongo huangusha na kilicho kweli. Lakini usipunguze ili usifiwe, huo nao ni uongo. Na karatasi inayofunga jambo usiitie sahihi kabla mwili wako haujamaliza kusema.

Mungu akupe miguu ya kufika unakotamani. Na siku utakayoumia, akupe mdomo wa kusema, na Mama Furaha wa kukuuliza.