Matembezi na Mume Wangu kando ya Mto Lulu

Mume wangu ameishi Guangzhou, China, miaka mingi kuliko aliyoishi na mimi. Ni wakala. Wafanyabiashara wa Kariakoo, Mwanza na Arusha wakienda kununua nguo, yeye huwapokea uwanja wa ndege, huwazungusha kwenye majengo ya maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu, huwapeleka soko la vitambaa la Zhongda, huwasaidia kuvutana bei na kusimamia mizigo mpaka iingie kwenye kontena. Nyumbani Morogoro alikuja mara moja kwa mwaka, na kuna mwaka hakuja kabisa. Mimi ni muuguzi. Nilimlea binti yetu nikisaidiwa na mama yangu, na jioni tulimwona baba yake kwenye simu, uso umejaa kioo chote, nyuma yake ukuta mweupe.

Nilipopata likizo na viza nikamfuata. Nilimwambia kila mtu nakwenda kumsalimia mume wangu, lakini moyoni nilikuwa na hakika kwamba huko kuna mwanamke. Ndani ya ndege nilipanga hata maneno ya kumwambia huyo mwanamke nikimkuta. Nilitaka kumjua mtu aliyenishinda.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya juu, nyuma ya maduka. Alipotoka kwenda kwa wateja nilipekua kila mahali. Nilikuta kitanda kimoja na mto mmoja wa kulalia, sufuria ya umeme, bakuli moja, na mifuko ya nguo za sampuli iliyopangwa mpaka karibu na dari. Bafuni hapakuwa na hata pini ya nywele. Nikajiambia atakuwa anaishi kwingine.

Jumapili akaacha kazi kwa ajili yangu. "Leo nakutembeza, mama," akasema. "Kuna tramu inapita kando ya mto. Wageni wote wanaisifu."

Alivaa shati alilolipiga pasi mwenyewe. Tukapanda treni ya chini ya ardhi mpaka kwenye mnara mrefu uitwao Canton, tramu inapoanzia. Hapo akakwama. Aliigeuzageuza simu kwenye mashine ya kulipia, ikakataa, mpaka mzee mmoja Mchina akamwelekeza pa kuiweka.

"Hujawahi kupanda hii?" nikamuuliza.

"Nafasi ningeipata wapi?"

Tukakaa dirishani. Tramu iliteleza taratibu juu ya majani mabichi yaliyooteshwa katikati ya reli, na upande wa kushoto Mto Lulu ulikuwa mpana, maji yake rangi ya chai ya maziwa, matishari ya mchanga yakipanda na kushuka. Ng'ambo yake kulikuwa na majengo ya vioo yaliyopoteza ncha zake kwenye ukungu wa joto. Kulikuwa na uzuri pale, siwezi kukataa. Nikamuuliza lile daraja linaitwaje. Hakujua. Na lile jengo lenye umbo la ajabu? Hakujua. Aliinama kutazama kama mgeni mwenzangu, akicheka kidogo kwa aibu.

Tulipofika Pazhou, kwenye kumbi za maonyesho ya biashara, akabadilika. Akanionyesha mlango wenye foleni fupi, ukumbi wa taa, ukumbi wa vyombo vya jikoni, mahali pa kupata chakula cha bei nafuu siku za maonyesho. Alizungumza vizuri sana, na sauti yake ikawa ile niliyoolewa nayo. Kumbi zikaisha, naye akarudi kutazama nje kama mgeni.

Tulishuka karibu na mnara wa kale wa ghorofa nyingi, wa matofali, uliojengwa enzi za wafalme. Nilisoma kwenye kibao cha Kiingereza kwamba manahodha wa zamani wakiuona walijua wamekaribia mji. Nikageuka nimsomee mume wangu. Alikuwa anamjibu mteja kuhusu zipu.

Tukatembea kwa miguu ukingoni. Wazee walikuwa wanavua kwa ndoano, kina mama wanacheza muziki kwa mstari, bibi harusi ameshikiliwa shela na watu wawili ili apigwe picha. Mama mmoja wa makamo akanisogelea akitabasamu, akaonyesha kwa mkono kwamba anaomba tupige picha pamoja. Tukapiga. Kisha akamuuliza mume wangu jambo, akininyooshea kidole. Mume wangu akamjibu kwa kifupi. Yule mama akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

"Amekuuliza nini?"

"Kama wewe ni mke wangu."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia ni mteja."

Nilisimama. Naye akasimama, akautazama mto.

"Imetoka yenyewe," akasema. "Hapa kila ninayeongozana naye ni mteja. Wachina wakiuliza, ndivyo ninavyojibu siku zote. Nisamehe, mke wangu."

Tukakaa kwenye benchi chini ya mti. Nikaona sasa ndiyo wakati. "Niambie ukweli. Kuna mwanamke?"

"Hakuna."

"Sitapiga kelele. Nataka kujua tu."

"Hakuna, mama. Ningekuwa Mwislamu ningekuapia wallahi. Hakuna mtu."

Nilimtazama machoni, nikajua hasemi uongo. Na hapo ndipo nilipokata tamaa, kwa sababu mwanamke ningepambana naye. Nikamuuliza kuhusu marafiki. Alikuwepo Mkongo mmoja, akarudi kwao. Kanisa je? Aliacha kwenda, wateja hufika Jumapili. Nikamuuliza anakula na nani. Akasema anakula akisimama.

"Basi turudi nyumbani," nikamwambia. "Funga chumba, turudi wote."

"Nikafanye nini?"

"Ukae na sisi."

Akatikisa kichwa polepole. "Nilipokuja mara ya mwisho sikujua vikombe vinawekwa wapi. Mtoto alikuwa ananiomba ruhusa ya kuwasha televisheni, kama anavyomwomba mgeni. Usiku nilikuwa nalala pembeni kabisa ya kitanda ili nisikusumbue. Uliona?"

Niliona. Nami nilikuwa nalala pembeni ya upande wangu.

Nilitaka kumshika mkono, lakini niliona haya, kama vile tungechekwa. Mvua ya ghafla ikatutoa pale. Tulirudi na tramu iliyojaa watu, tumesimama, yeye mbele na mimi nyuma yake.

Nilirudi Morogoro likizo ilipokwisha. Mama, kumbe naye alishuku, aliponiuliza kama nilimkuta na mwanamke nikasema hapana, akamshukuru Mungu kwa sauti, nami nikaenda bafuni nikafungua bomba ili asinisikie.

Hatujaachana. Sina la kumweleza mchungaji: mume wangu hanipigi, hazini, matumizi anatuma. Jioni bado anapiga simu. Binti yetu humwamkia, humjibu maswali ya shule, kisha hunipa simu. Namuuliza kama amekula. Anasema amekula. Siku hizi simuulizi atakuja lini, na naona hilo limempunguzia mzigo.